Fungu la Wasichana katika Shule za Sekondari za Komoro

Makala haya yanahusu takwimu moja tu, nayo ni ile inayotueleza kwamba, katika kila wanafunzi mia walioandikishwa katika shule za sekondari za Komoro, ni wangapi walio wasichana. Yamkini msomaji atauliza jambo hili limeingiaje katika jarida la lugha za Kiafrika. Jibu ni kwamba Wakomoro ni jirani zetu kwa lugha kabla ya kuwa jirani zetu kwa bahari. Kingazija, Kinzuani, Kimwali na Kimaore ni ndugu wa Kiswahili, Kimijikenda na Kipokomo katika lile kundi ambalo wanaisimu hulijua kwa jina la Sabaki, na wanafunzi wetu wanaoshughulikia kundi hilo hukutana na lugha za Komoro katika majedwali ya sauti na ya ngeli pasipo kujua watu wanaozisema husomea wapi na kwa lugha gani. Tena takwimu nayo ni aina ya maandishi. Ina maneno yake, kama vile "kuandikishwa" na "sekondari", na maneno hayo hayana budi kufasiriwa kabla hatujaiamini tarakimu iliyofuata nyuma yake.

Fungu la wasichana katika sekondari za Komoro lilikuwa dogo sana wakati wa uhuru. Mwanzoni mwa karne hii lilikuwa bado chini ya nusu, na katikati ya miaka ya 2010 likaifikia nusu. Habari hii husimuliwa mara nyingi kana kwamba ni habari ya nyoyo za watu: kwamba zamani Wakomoro walikataa kuwasomesha mabinti zao, kisha wakaelimika, wakakubali. Sisi tunaona kwamba maelezo hayo ni mepesi mno. Rai yetu ni kwamba sehemu kubwa ya habari hii ni umbali. Msichana wa Komoro aliingia shule ya sekondari kadiri shule ilivyosogea karibu na nyumba ya mama yake. Na nyumba, katika visiwa hivyo, si jambo la kupitwa haraka.

Nchi na shule zake

Komoro ni visiwa vinne vilivyolala baina ya pwani ya Msumbiji na Bukini, yaani Madagaska: Ngazija, Nzuani, Mwali na Maore. Waswahili wa zamani walizoea kuviita vyote Ngazija, na hata leo wako wazee wa Lamu na Unguja wanaomwita kila mtu wa huko Mngazija, awe ametoka Nzuani au Mwali. Hapa tutatumia jina la Ngazija kwa kile kisiwa kikubwa tu, chenye mji mkuu wa Moroni. Tarehe 6 Julai 1975 visiwa hivyo vilitangaza uhuru kutoka kwa Ufaransa, lakini Maore ilibaki mikononi mwa Wafaransa, na mwaka 2011 ikafanywa mkoa kamili wa Ufaransa. Basi takwimu za shule za kabla ya 1975 huweza kuwa ni za visiwa vinne, na zile za baadaye ni za visiwa vitatu. Mtafiti anayeweka takwimu za mwaka 1970 kando ya zile za mwaka 1980 hana budi kukumbuka kwamba halinganishi nchi ile ile, hata kama jina lililoandikwa juu ya jedwali ni moja.

Visiwa vitatu hivyo vilikuwa na watu wapatao 758,000 katika sensa ya mwaka 2017. Utaratibu wa shule ni wa kurithi kutoka kwa Wafaransa. Mtoto husoma shule ya msingi kwa miaka sita, kisha huingia koleji kwa miaka minne. Msomaji wa Kenya asije akadhani kwamba koleji hiyo ni chuo. Ni daraja la chini la sekondari, na mwisho wake ni mtihani uitwao breve. Anayepita huendelea katika lise kwa miaka mitatu, na huko hukabili mtihani wa bakaloria. Neno "sekondari" katika takwimu za kimataifa huyakusanya madaraja yote mawili, koleji na lise, kana kwamba ni chumba kimoja. Lakini koleji ndiyo yenye watoto wengi, na kwa hiyo fungu la wasichana linalotangazwa kwa "sekondari" ni fungu la koleji zaidi ya kitu kingine. Lise huweza kwenda njia yake bila ya tarakimu ile kutikisika.

Fungu si kiwango

Tutaita "fungu" ile asilimia ya wasichana miongoni mwa wanafunzi wote waliomo shuleni. Tutaita "kiwango" ile asilimia ya wasichana wa rika la sekondari ambao wamo shuleni, wakilinganishwa na wasichana wote wa rika hilo walioko nchini, waliomo shuleni na wasiokuwamo. Fungu hugawanya kwa wanafunzi. Kiwango hugawanya kwa watoto. Tofauti hii huonekana ndogo katika karatasi, lakini imewapoteza wengi, na mara nyingi husikika hotubani mtu akitaja fungu na kulifurahia kama kwamba ametaja kiwango.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kuna wilaya yenye wanafunzi 600 wa sekondari, wavulana 400 na wasichana 200. Fungu la wasichana ni theluthi moja. Baada ya miaka kumi fungu limekuwa nusu. Je, kumetokea nini? Huenda wasichana wameongezeka wakawa 400 na wavulana wamebaki pale pale, na sasa shule zina watoto 800. Lakini pia huenda wavulana 200 wameacha shule, na wasichana ni wale wale 200 wa tangu awali. Shule sasa zina watoto 400, hakuna binti hata mmoja aliyeongezeka, na fungu bado ni nusu. Aliye na fungu peke yake hana njia ya kuzitenga habari hizi mbili, ya kwanza ya heri na ya pili ya msiba.

Jambo hili si la kubuni tu. Katika nchi ya Lesotho wasichana wamekuwa wengi kuliko wavulana katika sekondari kwa muda mrefu, na sababu moja inayojulikana sana ni kwamba wavulana walipelekwa kuchunga mifugo milimani na vijana wakaenda kufanya kazi katika migodi ya Afrika Kusini. Fungu kubwa la wasichana huko lilikuwa, kwa kiasi kikubwa, ni kivuli cha wavulana wasiokuwapo.

Liko jambo jingine ambalo hutajwa kwa nadra. Watu hudhani kwamba haki kamili ni fungu la 50. Kwa hakika wavulana wanaozaliwa duniani huzidi wasichana kidogo, wapatao 105 kwa kila wasichana 100. Ikiwa watoto wote bila ya kubakia hata mmoja wangeingia shuleni, fungu la wasichana lingekuwa karibu na 49, wala si 50. Kwa sababu hiyo watakwimu hupendelea kulinganisha kiwango cha wasichana na kiwango cha wavulana, na kutazama iwapo hesabu inayopatikana iko karibu na moja. Nchi ambayo fungu lake limepita nusu, kama Komoro ilivyofikia, tayari ina upungufu fulani upande wa wavulana, hata kama ni mdogo.

Kisha kuna kurudia darasa. Katika shule zilizorithi mtindo wa Kifaransa mtoto aliyeshindwa hurudishwa akae mwaka mwingine pale pale, na Komoro ina sifa ya kuwa na warudiaji wengi. Mwanafunzi anayerudia huandikishwa upya, na kwa hiyo huhesabiwa upya kila mwaka anaorudia. Hapo kuandikishwa na kuendelea huachana. Ikiwa wavulana hurudia zaidi, wao hujaza madawati na kulifanya fungu la wasichana lionekane dogo kuliko lilivyo miongoni mwa wale wanaosonga mbele. Ikiwa ni wasichana warudiao zaidi, mambo hugeuka. Lugha yetu ina bahati ya kuwa na neno "kuandikishwa", lenye kauli ya kutendewa. Mtoto huandikishwa na mtu mwingine, kwa kalamu ya mtu mwingine. Kusoma ni kauli ya kutenda.

Udogo wa nchi nao ni tatizo la pekee. Mwali ndicho kisiwa kidogo kuliko vyote. Katika mahali kama hapo, darasa la mwisho la lise likiwa na wanafunzi 60, wasichana watatu wakiolewa au wakihamia kisiwa kingine, fungu la darasa hushuka kwa pointi mbili au zaidi. Katika nchi ya mamilioni mabadiliko kama hayo yangekuwa habari kubwa. Mwali ni habari ya nyumba tatu, na jirani wote wanazijua. Asiyejua hilo huweza kuandika kurasa nyingi akieleza sababu za kitaifa za jambo ambalo mwalimu mkuu angelieleza kwa sentensi moja.

Nyumba ya mama

Sasa tuje kwenye kiini cha jambo. Ngazija ni nchi ya Kiislamu tangu karne nyingi, na kwa ajili hiyo mgeni hutarajia kukuta nyumba ya baba. Hukuta nyumba ya mama. Mume anapooa huhamia kwa mkewe, katika nyumba ambayo wazazi na ndugu wa mwanamke wamemjengea. Na iko ardhi iitwayo manyahuli, ambayo hurithiwa upande wa kike, kutoka kwa mama kwenda kwa mabinti zake, na ambayo wanaume wa ukoo huitunza lakini hawaimiliki. Mwanamume akitalikiana na mkewe ndiye anayeondoka. Desturi ya kumjengea binti nyumba imo pia Nzuani. Mwanaanthropolojia Sophie Blanchy alikipa kitabu chake cha mwaka 2010 kuhusu Ngazija jina la Kifaransa ambalo kwa Kiswahili ni "nyumba za wanawake, miji ya wanaume". Nyumba ni ya mwanamke, na bangwe, yaani uwanja wa mji ambako watu huketi kwa daraja zao na mambo ya mji huamuliwa, ni la wanaume.

Kutokana na mpango huo binti ana thamani ya namna mbili zinazovutana. Yeye ndiye mwenye nyumba wa kesho, na bila ya yeye ukoo hauna mahali. Papo hapo ndoa yake, hasa ikiwa ni ile arusi kuu ambayo Wangazija huiita ada, ndiyo inayoupa ukoo heshima mjini, na hugharimu akiba ya miaka mingi. Kitu cha thamani huchungwa. Binti, na hasa kifungua mimba, aliwekwa karibu. Kumpeleka mbali, akakae kwa watu, avuke bahari, halikuwa jambo ambalo mama mwenye akili angelikubali kwa urahisi. Kumfundisha ni jambo jingine kabisa.

Kwamba ni jambo jingine twaliona wazi katika shioni. Neno hili msomaji wa Kiswahili atalitambua mara moja: Wangazija husema "shio" pale sisi tusemapo "chuo" kwa maana yake ya zamani ya kitabu, na shioni ni chuoni, ambako watoto hujifunza Kurani. Shioni ilikuwa mtaani, hatua chache kutoka mlangoni, na wasichana walikaa humo pamoja na wavulana, wakajifunza herufi za Kiarabu mbele ya fundi, kwani huko mwalimu huitwa fundi. Wengi wao waliweza kusoma maandishi hayo, na baadhi yao waliweza kuandika lugha yao kwa herufi zile zile. Wahesabuji wa kikoloni waliwaandika kuwa hawajui kusoma. Dafutari zao zilikuwa na safu ya Kifaransa tu, na mtu ambaye elimu yake ilikuwa katika herufi nyingine alihesabiwa pamoja na asiyejua herufi yoyote.

Mfano mmoja wa zamani unaeleza jambo hili kwa njia ya kuchekesha kidogo. Katika miaka ya 1840 kisiwa cha Mwali kilikuwa chini ya malkia mtoto, Jumbe Fatima, na Wafaransa waliotaka kumvuta upande wao walimpelekea mwalimu mwanamke wa Kifaransa akae naye. Hata dola kubwa ya Ulaya ilipotaka kumsomesha binti wa Komoro iliona ni rahisi zaidi kumvusha mwalimu bahari kuliko kumvusha mwanafunzi.

Mabinti wasiokuwa malkia hawakupelekewa mwalimu. Toka mwaka 1912 hadi 1946 Komoro ilitawaliwa kama sehemu ya Bukini, na shule za serikali visiwani zilikuwa chache na za daraja la chini. Aliyetaka sekondari alikwenda Bukini. Lise ya Moroni ilikuja katika miaka ya 1960 tu. Tuyafikirie maana ya maneno hayo kwa familia ya kijijini Ngazija, au mbaya zaidi kwa familia ya Mwali. Kuwa mwanafunzi wa sekondari kulimaanisha kuwa msafiri. Safari ilikuwa kazi ya wanaume tangu zama za majahazi. Ndivyo walivyokwenda Unguja, Mombasa na Majunga kutafuta riziki na elimu ya dini. Sayyid Ahmad bin Sumayt, aliyezaliwa Itsandra mwaka 1861 na kuwa kadhi na mwanachuoni mkubwa wa Unguja hadi kufa kwake mwaka 1925, alikuwa mmoja katika mfululizo mrefu wa wasafiri hao. Shule ya Kifaransa ilipowekwa ng'ambo iliifuata njia ile ile iliyokwisha kukanyagwa na wanaume, na fungu la wasichana likawa dogo kama lilivyokuwa fungu lao katika majahazi.

Shule inasogea

Mwezi mmoja tu baada ya uhuru, tarehe 3 Agosti 1975, serikali ya Ahmed Abdallah ilipinduliwa, na katika miezi iliyofuata madaraka yakaangukia kwa Ali Soilihi. Ufaransa iliondoa misaada na walimu wake, na madarasa ya sekondari, ambayo yaliendeshwa kwa kiasi kikubwa na walimu hao, yakabaki bila mtu ubaoni. Utawala wa Soilihi ulikuwa na mabaya yake, na vijana waliopewa silaha na amri juu ya wazee wao waliacha majeraha ambayo watu hawajayasahau. Lakini ulikuwa na fikira mbili zinazohusu maudhui yetu. Ya kwanza ni kwamba serikali isikae Moroni peke yake bali ishuke wilayani, katika vituo vilivyoitwa mudiria. Ya pili ni kwamba watu wafundishwe kusoma Kikomoro kwa herufi za Kilatini. Soilihi aliipiga vita pia arusi kuu, akidai kwamba fedha zinazoteketea humo zingejenga nchi. Tarehe 13 Mei 1978 alipinduliwa na mamluki wa Bob Denard, akauawa kabla ya mwezi kwisha, na Abdallah akarudishwa. Arusi kuu ilirudi pamoja naye, na Kifaransa kikarudi mahali pake shuleni.

Katika miongo iliyofuata koleji zilienea mashambani. Serikali ilijenga kadhaa, lakini asiyesema habari ya michango ya miji na vijiji hajasema kitu. Wakomoro walioko Ufaransa, na hasa wale wa Marseille, hutuma fedha kwa ajili ya mji wao wa asili, na vyama vya miji hujenga msikiti, barabara, zahanati na madarasa. Hata ada, ambayo Soilihi aliilaani, imekuwa na sehemu inayotozwa kwa ajili ya kazi za mji. Tukiangalia vizuri tutaona kwamba fedha za arusi za mabinti zimesaidia kuwajengea mabinti shule karibu na nyumba zao. Jambo hili halikupangwa na mtu, na wala halionekani katika bajeti yoyote ya elimu.

Kisha zikaja shule za binafsi. Katika miaka ya 1990 na baadaye, serikali ilikuwa ikishindwa mara kwa mara kuwalipa walimu mishahara kwa miezi mingi, walimu wakagoma, na mwaka wa masomo ukatishika kuwa ule ambao Wakomoro, kwa kufuata Kifaransa, huuita mwaka mweupe, yaani mwaka usiokuwa na mitihani. Wazazi wenye uwezo waliwatoa watoto wao. Shule za binafsi ziliota mitaani kama uyoga baada ya mvua, nyingine nzuri, nyingine ni vyumba viwili vya kukodi na ubao. Ubaya wake ni karo, kwa maana mzazi mwenye watoto wanne na karo ya wawili analazimika kuchagua. Uzuri wake, kwa upande wa hesabu yetu, ni kwamba ziko mtaani. Msichana hutoka nyumbani kwa mama yake asubuhi na kurudi kabla ya jioni, kama alivyofanya bibi yake alipokwenda shioni.

Wako watakaosema kwamba sheria nayo ilifanya kazi yake, na hatukatai. Sheria ya familia ya mwaka 2005 iliweka umri wa ndoa kuwa miaka 18 kwa mke na kwa mume. Hata hivyo sheria inayokataza ndoa ya mapema haimpi binti dawati, na fungu lilianza kupanda kabla ya sheria hiyo.

Je, kupanda huko ni kwa wasichana walioingia au kwa wavulana waliotoka? Yote mawili yamo. Wasichana waliongezeka kweli. Shule zenyewe ziliongezeka, na madarasa hayakujaa kwa wavulana peke yao. Lakini mvulana wa miaka 16 ambaye haoni kazi mbele yake ana njia iliyo wazi zaidi kwake kuliko kwa dada yake. Tangu Ufaransa ilipoanza mwaka 1995 kudai viza kwa Wakomoro wanaokwenda Maore, watu wamekuwa wakivuka usiku kutoka Nzuani kwa mashua ndogo ziitwazo kwasa-kwasa, na wengi wamezama. Wanawake na watoto wamo katika mashua hizo. Anayefika huandikishwa, akiandikishwa, katika shule za Maore, na huko huhesabiwa kuwa mwanafunzi wa Ufaransa. Katika takwimu za Komoro yeye hakuacha shule, hayumo tu.

Lugha ya darasa

Katiba ya Komoro huzitaja lugha tatu, Kikomoro, Kifaransa na Kiarabu. Darasa la sekondari huijua moja zaidi ya nyingine, nayo ni Kifaransa. Mtoto hukutana nacho shuleni, hukiacha mlangoni anapotoka, na hukikuta tena kesho yake. Breve na bakaloria hupimwa kwa lugha hiyo, hata pale mtihani unapohusu mimea ya visiwa vyake mwenyewe.

Kikomoro chenyewe kimeliweka jambo hili katika msamiati kwa uangalifu ambao mwanaisimu atauonea raha. Shule ya Kifaransa huitwa "likoli", neno lililochukuliwa pamoja na kibainishi chake cha Kifaransa kikiwa kimegandamana na mzizi, kama mgeni aliyeingia ndani bila ya kuvua viatu. Shule ya Kurani ni "shioni", neno la nyumbani lenye kiambishi cha mahali. Lakini wanafunzi wa kote kuwili "husoma", kwa kitenzi kile kile tulicho nacho sisi. Kitenzi ni kimoja na nyumba ni mbili, na ni moja tu katika hizo inayohesabiwa.

Wala usawa wa fungu hausemi kitu juu ya lugha. Nusu ya wanafunzi wakiwa wasichana, na wasichana na wavulana wakashindwa sawasawa katika Kifaransa, fungu litabaki nusu hadi mlango wa mtihani na hata baada yake. Kwa sababu hii tungependa kuona takwimu za breve zikitolewa kwa jinsia na kwa somo, kisiwa kwa kisiwa, zikiwekwa kando ya zile za kuandikishwa. Ikiwa binti hufanya vyema katika hesabu na kuangushwa na insha ya Kifaransa, hilo ni swali la lugha na linatuhusu sisi wa idara hii moja kwa moja. Ikiwa huangushwa na yote mawili, basi tutazame walimu na migomo.

Kwa upande wa wale wanaopita bakaloria, umbali umepungua pia. Hadi mwanzoni mwa karne hii hapakuwa na chuo kikuu visiwani, na mwenye bakaloria alitafuta nafasi Bukini, Senegali, Moroko au Ufaransa. Mzazi aliyemruhusu binti kufika lise alijua kwamba mbele ya lise kuna bahari. Mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Komoro kilifunguliwa, na mbali na Ngazija kina tawi lake Patsy, katika kisiwa cha Nzuani. Msichana wa Mutsamudu sasa aweza kwenda huko kwa gari na kurudi kulala kwao.